Kichwa cha Risasi Kizame Kiasi Gani Ndani ya Ganda?

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu ulengaji wa shabaha na utunzaji wa silaha zinazomilikiwa kisheria. Mara hii barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani, ambako mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa kwa matumizi yake mwenyewe, na karibu barua zote zinazunguka jambo moja, yaani urefu wa risasi iliyokamilika. Katika majibu yafuatayo, kichwa ni kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, ganda ni kikombe cha shaba kinachobeba baruti, fataki ni kiwashio kilichopachikwa kitakoni mwa ganda, na risasi ni vyote vinne vikiwa pamoja. Chemba ni tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa inapofyatuliwa, slaidi ni kipande cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele, na greni ni kipimo kidogo cha uzito.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeanza kujaza upya risasi za bastola za milimita 9 kwa ajili ya mazoezi ya klabu yetu. Kitabu cha maelekezo kinasema kwamba kwa kichwa cha greni 124 chenye ncha ya mviringo, urefu wa risasi uwe inchi 1.150. Mimi nina vichwa vya greni 124, lakini risasi za urefu huo haziingii vizuri kwenye chemba ya bastola yangu na slaidi inabaki nyuma kidogo. Nikizifupisha hadi inchi 1.100 zinaingia. Rafiki yangu ananiambia nizamishe tu kichwa mpaka slaidi ifunge, mengine nisiyajali. Je, anasema kweli? Na kina sahihi hupatikanaje? (Msomaji, Houston, Texas)

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi kwamba risasi inayozuia slaidi kufunga haifai kutumika. Amekosea pale aliposema usiyajali mengine, kwa kuwa hayo mengine ndiyo yanayoweza kupasua ganda ndani ya bastola ukiwa umeishika mkononi.

Kitabu kinapotaja inchi 1.150, kinataja urefu wa risasi nzima, kuanzia kitakoni mwa ganda hadi kwenye ncha ya kichwa, kwa sababu huo ndio urefu ambao kila mtu mwenye kalipa anaweza kuupima bila taabu. Baruti, hata hivyo, haihusiki na urefu huo hata kidogo. Inachohusika nacho ni nafasi iliyobaki kati ya kitako cha kichwa na sakafu ya ganda, ambamo inaanza kuungua na kuzalisha gesi kabla kichwa hakijapata muda wa kusogea. Nafasi hiyo ikipungua, shinikizo linapanda, na katika ganda dogo kama la milimita 9, lenye ujazo wa takriban sentimita moja ya ujazo pungufu kidogo kabla ya kichwa kuingia, upungufu unaoonekana kuwa si kitu kwa macho unakuwa mkubwa kwa baruti.

Kina chenyewe hupatikana kwa hesabu nyepesi. Pima urefu wa ganda tupu, pima urefu wa kichwa kikiwa peke yake, jumlisha viwili hivyo, kisha toa urefu wa risasi iliyokamilika. Kinachobaki ndicho kipande cha kichwa kilichozama ndani ya ganda. Tuseme ganda lako lina inchi 0.750 na kichwa kina inchi 0.600. Jumla ni 1.350. Kwa risasi ya inchi 1.150, kichwa kimezama inchi 0.200, kwa risasi ya inchi 1.100, kimezama inchi 0.250. Tofauti ni inchi 0.050, yaani milimita 1.27, lakini ukikokotoa ujazo wa kipande hicho cha kichwa chenye kipenyo cha inchi 0.355, na kuulinganisha na nafasi iliyokuwa imebaki, utaona kwamba umeinyang'anya baruti karibu asilimia 15 ya chumba chake. Shinikizo nalo halipandi kwa asilimia 15 tu, kwa sababu baruti za bastola huungua kwa kasi zaidi kadiri shinikizo linavyoongezeka, hivyo jambo moja hulichochea jingine.

Kampuni ya Speer ya Marekani iliwahi kuchapisha matokeo ya jaribio ambalo wajazaji wengi bado wanalitaja hadi leo. Walichukua risasi za milimita 9 zilizokuwa zikitoa shinikizo la 28,000 kwa kipimo cha CUP, kipimo cha zamani kilichotegemea kubonyea kwa kipande cha shaba, wakazamisha vichwa kwa inchi 0.030 zaidi bila kugusa kiasi cha baruti, na shinikizo likafika 62,000. Si kila baruti na si kila kichwa kitapanda kiasi hicho, lakini risasi hizo zilikuwa za kawaida kabisa kabla ya kusukumwa milimita isiyotimia moja. Wewe unazungumzia inchi 0.050.

Mipaka rasmi ya risasi hii imewekwa na SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926. Kwa milimita 9 Luger, urefu wa juu kabisa ni inchi 1.169, sawa na milimita 29.69, na wastani wa juu wa shinikizo ni pauni 35,000 kwa inchi mraba. Wengi husoma ile 1.169 kana kwamba ni lengo la kufikiwa. Ni ukomo tu, uliowekwa ili risasi ya kiwandani iweze kuingia katika magazini ya bastola yoyote ya aina hiyo, na haukuahidi kwamba kila umbo la kichwa litaingia katika kila chemba likiwa na urefu huo.

Hapo ndipo palipo chanzo cha tatizo lako. Mbele ya chemba, kabla ya michirizi ya msokoto inayokizungusha kichwa kuanza, kuna kipande kifupi cha mtutu ambacho tunaweza kukiita koo. Bastola moja ina koo refu, nyingine fupi. Zile za jamii ya CZ 75 zinajulikana sana kwa koo fupi, na wenye nazo wamezoea kutengeneza risasi fupi kuliko majirani zao. Umbo la kichwa nalo lina kauli kubwa. Vichwa viwili vinaweza kuwa na greni 124 vyote, kimoja kikawa na ncha iliyochongoka taratibu na kingine kikawa na mabega mapana yanayoendeleza kipenyo kamili mbele zaidi ya mdomo wa ganda. Hicho cha pili kitagusa michirizi mapema hata kama risasi zina urefu uleule. Kwa hiyo swali la kwanza ninalokurudishia ni hili: je, kichwa ulicho nacho ndicho hasa kilichotumiwa na maabara ya kitabu chako, kampuni ileile na umbo lilelile, au ni cha uzito huohuo tu? Kitabu hakikuandika kipimo cha greni 124. Kiliandika kipimo cha kichwa fulani, katika mtutu fulani wa majaribio.

Sasa kuhusu namna ya kupata kipimo chako mwenyewe. Chukua ganda ambalo limepita kwenye dai (kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye presi, yaani mashine ya kujazia risasi) ya kulirudisha kwenye kipimo chake, usiweke fataki wala baruti, panua mdomo wake kidogo kama kawaida, kisha weka kichwa kikiwa kirefu kuliko unavyodhani kitafaa. Usisahau kuurudisha mdomo wa ganda kwa dai ya kubana, kwa sababu mdomo ulioachwa wazi utakwama kwenye chemba na utadhani kichwa ndicho chenye kosa. Hakikisha bastola haina risasi, ifungue, toa mtutu, uusafishe, uushike wima chemba ikitazama juu, kisha iache risasi hiyo tupu iangukie ndani kwa uzito wake. Inayofaa huanguka na kutoa mlio mkavu wa chuma, huzunguka bila kukwaruza ukiisokota kwa kidole, na hutoka yenyewe ukiugeuza mtutu. Isipofanya moja kati ya hayo matatu, zamisha kichwa kwa inchi 0.005 zaidi na ujaribu tena.

Kama hujui inakwama wapi, ipake risasi yote wino wa kalamu nene, iingize, izungushe, kisha uitoe na uitazame kwenye mwanga. Mikwaruzo kwenye bega la kichwa inamaanisha kichwa kimegusa michirizi na kinahitaji kuzama zaidi. Wino uliofutika kwenye ukingo wa mdomo wa ganda unamaanisha mdomo haukurudishwa vya kutosha. Kwa milimita 9, kipenyo chake mahali hapo hakitakiwi kuzidi inchi 0.380. Ukifutika karibu na kitako, ganda halikubanwa vizuri upande wa chini, na kuzamisha kichwa hakutasaidia chochote. Nasisitiza hatua hii kwa kuwa watu wengi hufupisha risasi kutibu ugonjwa uliopo kwenye ganda, na hivyo hupandisha shinikizo bila sababu.

Urefu ambao risasi imeanza kupita kwa uhuru ndio ukomo wa kichwa hicho katika mtutu huo. Punguza kutoka hapo inchi 0.010 hadi 0.015 ili kuacha nafasi ya masizi na ya tofauti ndogondogo kati ya risasi na risasi. Kisha jaza magazini kwa risasi hizo tupu, zile ulizozitengeneza bila fataki wala baruti, uone kama zinapanda bila kugusa ukuta wa mbele, na uzipitishe kwenye bastola kwa mkono, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama. Ziwekee alama ya rangi isiyofutika, zisije zikachanganyika na risasi za kweli.

Sasa tulete kitabu mezani. Ikiwa kipimo chako kimetokea sawa na cha kitabu au kirefu kidogo, bila kuvuka ukomo wa SAAMI, unaweza kuanza na kiasi cha chini cha baruti kilichoandikwa na kupanda taratibu. Ikiwa ni kifupi, kama ilivyo kwako, usitumie maelekezo ya 1.150 kwa risasi ya 1.100 kana kwamba hakuna kilichobadilika. Njia bora ni kutafuta maelekezo ya kichwa chako hasa, kutoka kwa mtengenezaji wa kichwa au wa baruti, yaliyopimwa kwenye urefu usiozidi huo wako. Ukiangalia vitabu viwili vitatu utakuta vichwa vya mabega mapana mara nyingi vimepimwa kwenye 1.100 au pungufu, na hapo kiasi cha baruti kilichoandikwa tayari kimezingatia kina hicho. Njia ya pili ni kubadilisha kichwa na kuchukua chenye ncha iliyochongoka zaidi, na kwa mtu anayeanza ningependekeza hiyo, kwa kuwa inaondoa tatizo badala ya kulizunguka. Uzito wa baruti siutaji hapa kwa makusudi: namba hiyo inatoka kitabuni ikiambatana na kichwa, fataki na urefu wake, wala haichukuliwi peke yake kutoka gazetini.

Ukiweza kuazima kipima mwendo kwenye klabu yako, kitumie. Ganda la bastola halisemi mengi kuhusu shinikizo mpaka hali iwe imeshakuwa mbaya, na kutazama jinsi fataki ilivyobonyea ni ushahidi dhaifu. Lakini kichwa kinachoruka kwa kasi kuliko ile ya juu kabisa iliyoandikwa kitabuni, kutoka mtutu wenye urefu sawa na wa kitabu au mfupi zaidi, hakikupata kasi hiyo bure. Ukiona hivyo, simama hapo.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nimeweka presi yangu itoe risasi za inchi 1.120, lakini nikipima naona nyingine 1.116 na nyingine 1.124. Nimekaza kila skrubu. Je, mashine yangu ni mbovu? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Jibu: Mashine yako haina ubaya wowote wa kutisha. Tofauti ya inchi 0.004 juu na chini ni ya kawaida kwa presi inayofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja wa mkono, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo huenda haipo kabisa pale unapoogopa. Kipande cha ndani ya dai kinachokisukuma kichwa hakigusi ncha yake, bali hukigusa pembeni, kwenye mkunjo. Wewe unapima hadi kwenye ncha. Vichwa vyenye tundu mbele, na vile vya risasi laini, yaani madini yenyewe ya risasi, vilivyomiminwa kwenye kalibu, hutofautiana kwenye ncha kutoka kimoja hadi kingine, kwa hiyo kalipa inaripoti tofauti ya ncha huku kina cha kitako kikiwa kimekaa vizuri.

Kuna sababu nyingine zinazostahili kuangaliwa. Maganda yaliyookotwa kiwanjani yakiwa ya viwanda mbalimbali hayana ugumu sawa, na lile gumu huinyanyua presi kidogo zaidi. Presi ya hatua nyingi hutoa urefu mmoja vituo vyote vikiwa vimejaa na mwingine vikiwa na ganda moja tu, kwa hiyo usirekebishe dai kwa kutumia ganda moja peke yake kisha ukashangaa kazi ilipoanza. Nta ya vichwa vya risasi laini nayo hujikusanya ndani ya dai na kuvisukuma vichwa chini zaidi kadiri kazi inavyoendelea. Hiyo huonekana kwa urefu unaopungua polepole upande mmoja, badala ya kuyumba juu na chini.

Weka lengo lako mahali ambapo ile ndefu kuliko zote bado inaanguka vizuri kwenye mtutu, na ile fupi kuliko zote bado haijashuka chini ya urefu uliopimwa na kitabu. Ukitimiza hayo mawili, acha kuhangaika na elfu za inchi. Wanaohangaika nazo zaidi, kwa uzoefu wangu, ni wale ambao hawajawahi kuupima mtutu wao hata mara moja.

Swali: Ndugu Mhariri, risasi ya juu kwenye magazini yangu huwa naiingiza kwenye chemba kila asubuhi na kuitoa kila jioni, kwa kuwa bastola naibeba kwa ajili ya ulinzi. Juzi nimegundua kwamba kichwa chake kimezama kikilinganishwa na zingine. Je, nikibana mdomo wa ganda kwa nguvu zaidi nitakizuia? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

Jibu: Risasi hiyo iondoe kwenye matumizi leo hii, wala usijaribu kuifyatua ili uone itakuwaje. Kila inapoingia kwenye chemba, ncha yake hugonga njia ya mtutu kwa nguvu ya slaidi, na kila pigo linaweza kukisukuma kichwa ndani kidogo. Hata risasi za kiwandani hupatwa na hali hii, ndiyo maana wanaobeba bastola hushauriwa wasiirudishe risasi ileile mara nyingi, na wailinganishe na mpya kwa kuzisimamisha pamoja juu ya meza.

Kuhusu kubana: ninaelewa kwa nini wazo hilo linakuja, lakini linakwenda kinyume. Katika risasi za milimita 9, .40 S&W na .45 ACP, kinachokishika kichwa ni ukuta wa ganda uliokuwa mdogo kuliko kichwa na kulazimishwa kutanuka, na mdomo hubanwa tu kiasi cha kuondoa ule upanuzi tuliouweka mwanzoni. Risasi hizi hujipimia nafasi yake kwenye chemba kwa ukingo wa mdomo wa ganda, kwa hiyo mdomo uliokunjwa mno huondoa kipimo hicho. Zaidi ya hapo, kichwa cha risasi laini kilichopakwa utando mwembamba wa shaba hubonyea kinapobanwa, na shaba ya ganda, ambayo ina mnyumbuko kuliko risasi laini, hurudi nyuma baada ya kubanwa. Matokeo yake ni kichwa kilicholegea kuliko mwanzo na chenye mkato kiunoni.

Tazama badala yake dai mbili za mwanzo. Ya kwanza ilirudishe ganda kwenye kipimo chake kikamilifu. Ya pili, ile ya kupanua, ipanue mdomo kwa kiasi ambacho kichwa kinasimama bila kuanguka, na isizidi hapo. Mjazaji anayepanua mno ili kichwa kiingie kwa raha huwa ameuondoa ule mkazo alioutegemea. Kabla ya kutengeneza nyingi, tengeneza risasi moja tupu isiyo na fataki wala baruti, ipime, isukume ncha yake kwa nguvu ya kidole gumba dhidi ya ukingo wa meza, kisha uipime tena. Ikisogea, usiendelee. Kisha ipitishe kwenye bastola mara chache kutoka kwenye magazini, ukiiachia slaidi ijifunge yenyewe, na uipime kwa mara ya mwisho.

Swali: Je, haya yote yanahusu na rivolva? Mimi natumia .38 Special. (Msomaji, Minneapolis, Minnesota)

Jibu: Yanahusu kwa sehemu. Ganda la .38 Special lina ukingo kitakoni unaolizuia lisizame, na mdomo wake hauna kazi ya kupima nafasi, kwa hiyo unaruhusiwa kuukunja ndani ya mfereji uliochongwa kuzunguka kichwa. Mfereji huo ndio unaokuamulia kina: zamisha kichwa mpaka mdomo wa ganda ufike katikati yake, ukunje, na urefu utajipata wenyewe chini ya ukomo wa inchi 1.550. Ganda hilo ni refu kwa sababu za kihistoria na lina nafasi nyingi, tena shinikizo lake la juu ni pauni 17,000 tu kwa inchi mraba, chini ya nusu ya lile la milimita 9.

Hatari yako iko upande wa pili. Rivolva inaporudi nyuma kwa kishindo, risasi zilizobaki kwenye silinda huvutwa nyuma pamoja nayo huku vichwa vikitaka kubaki mahali pake, na kichwa kisichokunjiwa vizuri hutambaa kwenda mbele hadi kikachomoza na kuzuia silinda kuzunguka. Fyatua risasi zote isipokuwa moja, kisha itoe hiyo na uipime. Isipokuwa ndefu kuliko mwanzo, mkunjo wako unatosha. Kwa wale wanaotumia vichwa vyenye ncha bapa vinavyozamishwa hadi kulingana na mdomo wa ganda, kanuni ya nafasi ya baruti inarudi palepale, na ni lazima watumie maelekezo ya kichwa hicho pekee.

Swali: Mhariri, mimi niko Dar es Salaam na nina leseni ya bastola. Mdogo wangu yuko Marekani kwa visa ya masomo. Je, tunaweza kufanya kazi hii? (Msomaji, jina limehifadhiwa)

Jibu: Wewe hapana. Tanzania, silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya kumiliki bastola haikupi ruhusa ya kutengeneza risasi nyumbani. Risasi zako zinunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwa idadi uliyoruhusiwa.

Mdogo wako naye asubiri. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawazuia watu walioingia kwa visa za muda, zikiwemo za masomo, kumiliki silaha na hata risasi zenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo fulani. Asitegemee maelezo ya rafiki wala ya gazeti hili, amwone wakili. Wenye ruhusa kamili nao wakumbuke kwamba kujaza kwa matumizi yao hakuhitaji leseni ya shirikisho, lakini kutengeneza risasi za kuuza kunaihitaji, na baadhi ya majimbo yana masharti yake ya ziada.

Swali: Nina mamia ya risasi za milimita 9 nilizozitengeneza fupi mno kabla sijasoma safu yenu. Nizitupe, au naweza kuzivuta vichwa zirefuke? (Msomaji, Phoenix, Arizona)

Jibu: Usizitupe kwenye taka za nyumbani, na usizivute nusunusu. Kichwa kikishazamishwa kina fulani, ukuta wa ganda umetanuka hadi hapo. Ukikirudisha nje, sehemu iliyokuwa ikikishika imeshalegea, na pigo la kwanza la njia ya mtutu litakirudisha ndani pengine zaidi ya mwanzo. Vitoe vichwa kabisa kwa nyundo ya kung'olea, ile yenye kichwa cha plastiki kilicho wazi ndani, ukivaa miwani na kupiga juu ya kitu kigumu kama ncha ya gogo, risasi moja kwa wakati. Nyundo hiyo haitumiki kamwe kwa risasi zenye fataki kwenye ukingo, kama .22.

Vichwa visivyo na makovu vitafaa tena kwa mazoezi. Baruti usiirudishe kwenye kopo lake isipokuwa una hakika kabisa ni ileile na haijachanganyika. Ikiwa una shaka yoyote, itandaze nyembamba kwenye bustani, ambako haitadhuru kitu. Maganda yanaweza kubaki na fataki zake, lakini yapitishe tena kwenye dai ya kuyarudisha kwenye kipimo, baada ya kuitoa ile pini ya kusukumia fataki, kisha yapanue mdomo upya, kwa sababu mkazo wake umeshatumika.